Sayansi za baiolojia si udaktari: kwa mzazi wa Pwani mwenye mtoto nchi ya chai

Kila mwaka KUCCPS ikitangaza nafasi za vyuo vikuu, simu yangu haipumziki. Watu wa mtaani wanajua nina diploma ya ufundi wa maabara na kwamba nimetunza maabara ya shule ya upili miaka mingi, basi chochote chenye neno sayansi huletwa kwangu. Swali linalorudi zaidi ni hili: "Mwanangu amepelekwa sayansi za baiolojia huko bara. Akimaliza atakuwa daktari wa nini?"

Hatakuwa daktari wa chochote. Hatakuwa muuguzi wala mfamasia, na kwa digrii hiyo peke yake hataandikishwa kupima damu za wagonjwa hospitalini. Nalisema mapema kwa sababu najua nyumba ambazo jambo hili lilijulikana mwaka wa nne, mzee ameshauza kiwanja akiamini anasomesha daktari, na kijana amenyamaza miaka yote kwa kuogopa kumvunja moyo baba yake. Mwaka wa nne hakuna tena la kubadilisha. Mwaka wa kwanza lipo.

Wala sikubaliani na wale wanaosema hii ni kozi ya waliokosa kozi. Marehemu Profesa Wangari Maathai hakusomea udaktari wala sheria. Alisoma baiolojia katika chuo kidogo cha Kansas, Marekani, akamaliza 1964, akachukua shahada ya pili ya sayansi za baiolojia Chuo Kikuu cha Pittsburgh, kisha akarudi Nairobi na kupata uzamivu 1971. Tuzo ya Nobeli ya 2004 tunaikumbuka kwa miti na siasa, lakini mtu yule alianzia kwenye hadubini. Tatizo la kozi hii ni kwamba haina mlango mmoja ulioandikwa kazi yake. Ina milango kadhaa, na kila mmoja una ufunguo ambao mwanafunzi anapaswa kuanza kuutafuta akiwa bado chuoni.

Kapsoit, na kwa nini naitaja

Binti ya dada yangu, mzaliwa wa Kisauni, alipangiwa Chuo Kikuu cha Kabianga, Kaunti ya Kericho. Chuo hicho kilikuwa chini ya Chuo Kikuu cha Moi kabla ya kupata hati yake mwaka 2013, mwaka ule ule Chuo Kikuu cha Pwani cha Kilifi kilipopata yake. Dada yangu alilia wiki nzima. Kutoka Mombasa hadi Nairobi ni karibu kilomita 480, na kutoka Nairobi kupitia Nakuru hadi Kericho ni zaidi ya 250 nyingine. Alitaka binti ahamishwe arudi Kilifi, na njia hiyo ipo kweli: KUCCPS hufungua dirisha la uhamisho kwa waliokwisha kupangiwa, ila chuo unachokitaka lazima kiwe na nafasi, na mwanafunzi awe amefikisha pointi za kozi hiyo kwa mwaka wake. Dirisha huwa fupi. Anayelisubiri aangalie tovuti ya KUCCPS mwenyewe, asingoje kuambiwa na mtu.

Binti hakuhama. Sasa yuko mwaka wa nne, na mradi wake wa utafiti ameufanyia Kapsoit, kituo kilicho kwenye barabara ya Kericho kwenda Kisumu, pale inapochepuka njia ya Sondu. Nimemtembelea huko mara mbili. Kwa mtu aliyezoea joto letu, asubuhi ya Kapsoit ni kama kufungua friji. Nilimkuta na buti za mvua na daftari, ameinama kwenye chai ya mzee mmoja mkulima mdogo, anageuza jani moja moja na kuhesabu utitiri mwekundu kwa lenzi ya mkononi.

"Shikamoo mjomba. Usinikatize, nimefika thelathini na nane."

Utitiri ule ni mdogo kuliko chembe ya chumvi. Hufyonza jani la chai hadi ligeuke rangi ya shaba, na huzidi wakati wa kiangazi. Swali lake lilikuwa jepesi: je, vichaka vilivyo chini ya kivuli cha miti vina utitiri wachache kuliko vilivyo juani? Alichagua vichaka kwa kura ili asichague vile vinavyompendeza, akahesabu majani idadi sawa kila kichaka, akarudia kila wiki mbili. Mzee mwenye shamba alikuwa akimfuata nyuma akimuuliza, maana yeye ndiye anayepoteza kilo. Nilipowaona wawili wale ndipo nilipoacha kumsikitikia dada yangu.

Kinachosomwa miaka minne

Wa kuingia anahitaji wastani wa C+ katika KCSE, na vyuo vingi hutaka alama kama hiyo katika baiolojia na kemia. Pointi za ushindani hupanda na kushuka kila mwaka.

Mwaka wa kwanza humshangaza mtoto aliyedhani ameacha hesabu na kemia shuleni. Atakutana na seli, kemia ya aina mbili tatu, hesabu, fizikia kidogo, stadi za mawasiliano, na somo la UKIMWI. Mwaka wa pili ndio unaochuja: jenetiki, baiokemia, vijidudu, mimea na wanyama kwa makundi yao, na takwimu. Wa tatu huja ikolojia, fiziolojia, vimelea, wadudu na baiolojia ya molekuli, yaani namna ya kuitoa DNA kwenye jani au damu na kuisoma. Wa nne ni mradi na masomo ya kuchagua. Majina hutofautiana chuo kwa chuo lakini mtiririko ni huo.

Alama nazo ziko hivi katika vyuo vyetu vingi: majaribio na kazi za maabara huchukua 30 kwa mia, mtihani wa mwisho 70. Kupita ni 40. Daraja la kwanza huanza 70, la pili juu 60, la pili chini 50. Anayetaka kuendelea na shahada ya pili kwa ufadhili alenge 60 kwenda juu tangu mwaka wa kwanza, kwa kuwa wastani ulioporomoka mwaka wa pili huwa mgumu kuuinua.

Kama ningeruhusiwa kumpa mwanafunzi ushauri mmoja tu ningemwambia akazane na takwimu. Wengi huikimbia. Lakini kuhesabu utitiri hata mtoto wa darasa la nne anaweza. Kusema kwa uhakika kwamba tofauti uliyoiona kati ya kivuli na jua si bahati tu, hapo ndipo digrii inapoanza. Programu ya R ni ya bure, inafanya kazi hata kwenye kompyuta ya mkononi ya mtumba, na anayeijua vizuri huwa hakosi kuitwa na wahadhiri wake wamsaidie.

Shamba la chai kama kitabu

Wazazi hudhani mtoto akipelekwa nchi ya chai amepelekwa mbali na elimu. Kwa baiolojia ni kinyume. Kericho ina Taasisi ya Utafiti wa Chai, iliyokuwa ikiitwa Tea Research Foundation of Kenya tangu 1980 na baadaye ikawekwa chini ya KALRO. Hapo ndipo ilipotoka chai ya zambarau, aina ya TRFK 306, iliyotolewa kwa wakulima mwaka 2011. Rangi yake inatokana na anthosianini, kundi lile lile la rangi lililomo katika zambarau tunazokula sisi na kutokwa na midomo myeusi.

Na hapa kuna somo zima la jenetiki. Mchai hauzai vizuri kwa chavua yake mwenyewe, unahitaji ya mwenzake. Kwa hiyo mbegu za mti mmoja huzaa watoto wasiofanana, kama ndugu wa tumbo moja. Mkulima aliyepata kichaka kizuri hawezi kukirudia kwa mbegu. Hukata kipande cha tawi chenye jani moja na jicho moja, akakiotesha, na mche utakaotoka ni yule yule mama. Mashamba mengi unayoyaona yamelala kama zulia ni nakala za vichaka vichache vilivyochaguliwa. Faida yake ni ladha na mazao yanayolingana. Hatari yake mwanafunzi wa mwaka wa pili atakuambia: ugonjwa ukimpata mmoja, ndugu zake wote wana udhaifu huo huo.

Mfano mwingine ni mvua ya mawe. Kericho na Nandi ni miongoni mwa sehemu za dunia zinazopigwa na mvua ya mawe mara nyingi mno, na ikianguka huchana chipukizi za chai. Mwaka 1982 watafiti wawili, Schnell na Tan-Schnell, walichapisha kwamba taka za majani ya chai yaliyooza chini ya vichaka zina chembechembe zinazoyafanya maji yagande kirahisi kuliko kawaida. Walipendekeza kwamba vumbi hilo likipeperushwa juu linaweza kuchangia mawe yale ya barafu. Fikiria: jani linaanguka, linaoza, linapanda mawinguni, linarudi kama barafu kulipiga jani lingine. Sijui kama kuna somo la fizikia au la baiolojia linaloweza kulimiliki hilo peke yake.

Lakini mfano unaotugusa sisi watu wa Pwani ni malaria. Kwetu tumezaliwa nayo. Kericho ni juu, baridi, na kwa muda mrefu malaria huko ilikuwa ya kuja kwa mlipuko na kuondoka. Vimelea vya falciparum vinahitaji joto ili vikue ndani ya mbu. Likishuka chini ya nyuzi 16 hadi 18 hivi, mbu hufa kabla vimelea havijakomaa. Kwa hiyo badiliko dogo la joto mlimani lina uzito kuliko badiliko kama hilo Malindi. Wagonjwa walipoongezeka, wataalamu waligombana. Mwaka 2002 Simon Hay na wenzake waliandika katika jarida la Nature kwamba takwimu za hali ya hewa za maeneo hayo ya milimani, Kericho likiwemo, hazionyeshi joto kubadilika vya kutosha. Mwaka 2006 Mercedes Pascual na wenzake wakapinga, wakasema joto limepanda. Mwaka 2011 Judy Omumbo, Mkenya, na wenzake wakachukua vipimo vya kila siku vya Kericho kuanzia 1979 hadi 2009, wakavisafisha makosa yake, na wakaona ongezeko la takribani nyuzi 0.2 kwa kila miaka kumi. Dawa, vyandarua na watu kuhamahama vina sehemu yao pia katika hadithi hii, na hakuna aliyesema joto ni sababu pekee.

Nimelieleza kwa urefu kwa sababu ndivyo kazi hii ilivyo. Miaka tisa ya mabishano, na kilichosaidia kuyasogeza mbele ni mtu kukaa na madaftari ya kipimajoto.

Milango na funguo zake

Maabara ya hospitali. Sheria namba 10 ya 1999 iliunda bodi ya mafundi na wanateknolojia wa maabara za tiba, na bodi hiyo huandikisha waliosomea kozi za maabara za tiba inazozitambua. Baiolojia ya jumla haimo. Mwanafunzi ambaye moyo wake uko hospitalini abadilishe kozi mapema, au ajue kwamba baada ya digrii atalazimika kuanza masomo mengine. Uuguzi, famasia na afya ya umma nazo zina mabaraza yao na masharti yao.

Ualimu. Inawezekana, ila TSC hutaka mwenye digrii isiyo ya ualimu awe na masomo mawili ya kufundishia, kisha asome diploma ya uzamili ya elimu. Hapa ndipo wengi hunaswa. Kijana anachagua masomo ya baiolojia pekee miaka yote, anamaliza na somo moja. Anayedhani huenda siku moja atafundisha ajaze kemia ya kutosha kuanzia mwaka wa pili, na aihesabu.

Utafiti na usimamizi. KALRO ni kilimo, KEPHIS ni afya ya mimea na ukaguzi wa mbegu na mazao, ICIPE iliyoanzishwa 1970 na Profesa Thomas Odhiambo ni wadudu. Kwetu Pwani kuna KMFRI kwa bahari na samaki, na KEMRI-Wellcome Trust ya Kilifi iliyopo tangu 1989, ambayo jina lake linajulikana ulimwenguni kwa malaria kuliko linavyojulikana Kongowea. Kule Gazi, Kwale, mradi wa Mikoko Pamoja umekuwa ukiuza hewa ya kaboni kwa kutunza mikoko tangu 2013. Ili tani moja iuzwe lazima mtu apime vipenyo vya miti ya mikoko matopeni na kukokotoa. Mtu huyo ni mwanabaiolojia.

Sitawadanganya kwamba kazi zinangoja mlangoni. Nafasi za kudumu ni chache, wengi huanza kwa mikataba ya miezi sita, na vyeo vingi vya utafiti hudai shahada ya pili. Wanaopenya ni wale wenye jambo la mkono: anajua kuendesha PCR, anajua ramani za kompyuta, anajua takwimu, au anaijua familia moja ya viumbe hadi watu wanamtumia picha wamuulize.

Fedha, riba na chakula

Tangu mtindo mpya wa ufadhili ulipoanza 2023, mwanafunzi huomba mwenyewe ufadhili wa serikali na mkopo wa HELB, na nyumba huwekwa kwenye kundi kulingana na hali yake. Mtindo huo umepelekwa mahakamani, hivyo soma tangazo la mwaka wako, usitegemee alivyofanya jirani mwaka juzi. Sehemu ya ufadhili hairudishwi. Mkopo hurudishwa na nyongeza ya asilimia 4 kwa mwaka, na hapo wazazi wetu wengi husimama. Suala la riba muulize sheikh wako, mimi si mtu wa fatwa. Ninachoweza kusema ni kwamba kuomba ufadhili na kuchukua mkopo ni mambo mawili, na familia isiyotaka mkopo isiache kuomba lile la kwanza. Ongeza basari ya kaunti na ya NG-CDF, ambazo fomu zake hurudishwa kwenu nyumbani na si kule chuoni.

Juu ya karo, weka koti jeupe la maabara, kisanduku cha vifaa vya kupasulia, buti, koti zito na blanketi. Laptopu si anasa.

Chakula cha halali na msikiti viko mjini Kericho. Huko vituoni mtoto ajipange, na wengi hupika wenyewe. Wenyeji ni Wakipsigis, watu wakarimu kwa mgeni anayejua kusalimia. Mpwa wangu alijifunza "chamgei" kabla ya kujua njia ya kwenda madarasani. Mama mwenye nyumba yake Kapsoit humpa mursik, maziwa yaliyogandishwa ndani ya kibuyu kilichosuguliwa kwa makaa ya mti maalumu. Mara ya kwanza aliyakataa kwa rangi yake ya kijivu. Siku hizi ananieleza kwenye simu ni bakteria gani wanaotengeneza ile asidi, na kwamba mtindi wa bibi yake Kisauni ni kazi ya jamaa wa bakteria hao hao.

Mafunzo ya kazini

Yale wanafunzi wanayoyaita atachimenti huja aghalabu likizo ndefu mwishoni mwa mwaka wa tatu. Ndiyo nafasi ya mtoto wa Pwani kurudi nyumbani bila kupoteza masomo: aombe KMFRI Mombasa, vituo vya utafiti vya Kilifi, KWS, au kiwanda chochote chenye maabara ya ubora wa chakula au maji. Maombi yapelekwe miezi minne au mitano kabla. Bahasha iwe na barua ya chuo, barua yake mwenyewe inayotaja idara anayoitaka na kwa nini, matokeo ya mihula iliyopita, nakala ya kitambulisho na bima ya ajali, ambayo sehemu nyingi hawampokei mtu bila hiyo. Mpwa wangu alipeleka tisa. Zilijibiwa mbili, na moja ilikuwa ya kumkatalia.